Video ya nyumba iliyobomolewa isipotee siku ya kwanza ya montaji

KOLWEZI. Katika mitaa inayopakana na migodi, kutoka Musonoi mpaka Kapata, simu imekuwa sanduku la karatasi za familia. Ndani yake mna picha ya ukuta uliopasuka, video ya siku mashini zilipoingia kwenye kiwanja, sauti ya papa mzee akionyesha kwa kidole: hapa palikuwa jiko, pale kisima, kule mwembe uliopandwa na babu. Wengi hawana karatasi nyingine ya kuonyesha.

Mazungumzo kama haya si mageni mjini:

– Yaya, ile video ya nyumba ya mama iko wapi?

– Nilishaituma mu WhatsApp, haina neno.

– Na ile yenyewe, ya mu simu?

– Nilifuta. Simu ilikuwa imejaa.

Mambo huanza kuharibika hapo, kabla hata kijana wa montaji hajawasha ordinatere yake. Familia inaamini video ipo, na kweli ipo, lakini iliyobaki ni kivuli chake. Picha imefifia, tarehe imepotea, na anayeulizwa ilipigwa lini anajibu kwa kukumbuka tu.

Vijana wengi wa Dilala na Manika wanajifunza montaji siku hizi. Ni jambo jema, na ni kazi inayolisha watu: harusi, kwaya, matanga, matangazo ya maduka. Lakini mafundisho huanzia mahali pasipofaa. Siku ya kwanza mwanafunzi anaonyeshwa jinsi ya kutia muziki, kurembesha herufi na kufanya picha izunguke. Kuingiza video katika programu, yaani kile kitufe kilichoandikwa Importer, kunapitiwa kwa dakika moja kana kwamba ni kufungua mlango tu. Katika mji kama Kolwezi mpangilio huo ni kosa. Hatua ya kuingiza ndiyo inayoamua kama video ya familia iliyohamishwa itabaki ushahidi au itakuwa kichekesho cha simu. Ifundishwe kwanza, na ifundishwe kwa muda wa kutosha.

Sababu ya kusema hivyo kwa Kolwezi inajulikana na kila mkaaji. Mji huu, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, umekaa juu ya shaba na kobalti. Kule Kasulo, mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu, na mwaka 2017 familia nyingi zilihamishwa ili sehemu ya mtaa izungushiwe ukuta na ichimbwe. Mwezi wa Septemba 2023, Amnesty International pamoja na shirika la hapa Kolwezi, IBGDH, yalitoa ripoti juu ya watu waliotolewa katika makao yao kwa ajili ya migodi ya shaba na kobalti. Waliohojiwa walikuwa zaidi ya 130.

Kanuni ya madini, iliyorekebishwa mwezi wa Machi 2018, inasema watu wanaohamishwa kwa ajili ya mgodi walipwe fidia. Mabishano huja kwenye hesabu. Nyumba ilikuwa na vyumba vingapi? Ilikuwa ya tofali za kuchoma au za udongo? Kisima kilikuwa ndani ya kiwanja au nje? Shamba la mihogo lilifika wapi? Mashini ikishapita, maswali hayo hayana jibu ardhini. Familia isiyo na nakala ya karatasi ya hesabu inabaki na simu peke yake. Basi namna simu hiyo inavyofunguliwa, na namna video inavyotolewa humo, si shauri la mafundi tu.

Kitu cha kwanza ambacho anayeanza anapaswa kuelewa ni kwamba kuingiza si kuhifadhi. Programu nyingi za bure ambazo vijana wanazitumia kwenye ordinatere, kama Shotcut, OpenShot na Kdenlive, hazimezi video inapoingizwa. Zinaandika anwani tu: video hii iko kwenye folda fulani, yenye jina fulani. Faili la kazi linalohifadhiwa ni dogo sana, kwa sababu ndani yake hamna picha hata moja. Mtu akiingiza video moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya simu, akafanya kazi usiku kucha, kisha akachomoa kadi na kumrudishia mwenyewe, kesho yake programu itafunguka na kumwambia kwamba video haipatikani. Na kama mwenye kadi ameshafuta ili apate nafasi ya nyimbo, basi mambo yamekwisha. Kwenye simu pia, kwa programu kama CapCut, hatari ni ile ile: anayefuta video kwenye galeri kwa kufikiri kwamba iko salama ndani ya kazi anaweza kukuta nafasi tupu.

Kwa hiyo utaratibu mzuri una hatua moja kabla ya Importer: kunakili. Simu inaunganishwa na ordinatere kwa kable. Kwenye kioo cha simu mtu anachagua Transfert de fichiers, la sivyo simu itachaji tu. Anafungua folda iitwayo DCIM, ambamo kamera huweka video zake, na anazinakili kwenye folda mpya ya ordinatere. Folda hiyo inapewa jina linaloeleweka na mtu mwingine pia: mwaka, mwezi, siku, mtaa, jina la familia. Kisha nakala ya pili inawekwa kwenye klé na kukaa kwa mtu mwingine, nyumba nyingine. Ni baada ya hapo tu ndipo programu inafunguliwa, na video inaingizwa kutoka kwenye folda ya ordinatere. Kinachokatwa, kuunganishwa na kutiwa maandishi ni kazi mpya. Video ya asili inabaki kama ilivyotoka kwenye kamera, haibadilishwi hata jina.

Kwa nini hata jina? Kwa sababu jina linasema jambo. Simu nyingi huipa video jina lenye tarehe na saa ya kupigwa. WhatsApp inaipa jina jingine, lenye herufi WA kuelekea mwisho, na tarehe iliyomo humo ni ya siku video ilipopita kwenye WhatsApp, hata kama ilipigwa miezi sita nyuma. Tena WhatsApp inaibana video ili isafiri haraka, na habari zilizofichwa ndani ya faili, kama saa ya kupigwa na mahali, hazifiki. Ufa wa ukuta uliokuwa unaonekana wazi unageuka mstari wa kijivu. Namba iliyopakwa rangi kwenye mlango haisomeki tena. Asiye na njia nyingine ila WhatsApp aitume video kama Document, wala si kama video ya kawaida. Hapo inakwenda nzima. Inakula mega nyingi, ni kweli, lakini inakwenda nzima.

Saa pia ina mambo yake. Lualaba iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Simu iliyowekwa kwenye saa ya Kinshasa, au iliyozimika kabisa ikawaka na tarehe ya uongo, inaandika uongo huo kwenye kila video. Kuangalia tarehe na saa kabla ya kupiga ni kazi ya nusu dakika. Kusahihisha baadaye mbele ya watu wasioamini ni kazi ya miaka.

Kuna shida mbili zaidi ambazo wanaoanza hukutana nazo siku ya kwanza, na wengi hukata tamaa hapo. Ya kwanza ni sauti kuachana na midomo. Simu hazipigi picha kwa mwendo mmoja: zinaongeza na kupunguza idadi ya picha kwa sekunde kufuatana na mwanga na nguvu ya simu. Programu inayotarajia mwendo mmoja inachanganyikiwa, na baada ya dakika kumi mama anaonekana amefunga mdomo huku sauti yake ikiendelea. Shotcut inatambua jambo hilo wakati wa kuingiza na kuuliza kama igeuze video iwe rahisi kuhariri. Jibu liwe ndiyo, kwa kuwa inatengeneza faili jingine na kuliacha la asili. Shida ya pili ni ordinatere ya zamani kukwama, hasa kwa video za simu mpya zinazobanwa kwa namna nzito kufunguliwa. Shotcut na Kdenlive zina njia ya kutengeneza nakala nyepesi ya kufanyia kazi, kisha mwishoni zinarudi zenyewe kwenye video nzito. Kijana asiyejua hilo hufanya kosa la kuibana video ya asili yenyewe, na hawezi kuirudisha tena.

Halafu kuna nafasi. Dakika moja ya video safi ya simu huchukua, kwa kukadiria, kati ya mega 60 na 130. Saa moja ya mazungumzo na wazee inaweza kujaza nusu ya klé ya giga 16. Na kuna umeme. Laini kubwa ya kutoka Inga inakuja mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, tangu mwaka 1982, lakini ilijengwa kwa ajili ya migodi, na mkaaji anayejua kukatika kwa kuran hahitaji kufundishwa maana yake. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili linaweza kufika nusu. Kwa hiyo mtu anafungua kila video baada ya kunakili, anaangalia mwanzo na mwisho wake, ndipo anafuta kwenye simu kama ni lazima afute.

Wapo wanaosema yote haya ni kuchelewesha mambo. Hoja yao inastahili kusikilizwa. Wanasema: mashini zikiwa kwenye kiwanja, hakuna muda wa folda. Weka video mtandaoni mara moja, watu waone, wakubwa waone aibu, mashini zisimame. Na imewahi kusaidia. Video iliyosambaa kwa saa chache inaweza kuwaleta waandishi wa habari na wakubwa mahali ambapo barua ilikuwa imesubiri miezi. Lakini kusambaza hakuzuii kuhifadhi. Video inaweza kwenda mtandaoni asubuhi na ile ya asili ikanakiliwa jioni. Kosa ni kufikiri kwamba video iliyoko mtandaoni imehifadhiwa. Akaunti hufungwa, namba ya simu hupotea, video hutolewa. Na siku ya kukaa mezani kuhesabu fidia, mwenye kubisha atauliza swali jepesi: nani aliipiga, lini, na mbona imekatwa katikati? Video iliyotiwa muziki wa huzuni na maandishi mekundu haina jibu. Ile ya asili inalo.

Jambo hili si la kinadharia nchini Congo. Mwezi wa Septemba 2018, mahakama ya kijeshi huko Bukavu, Kivu Kusini, iliwahukumu viongozi wawili wa FDLR kwa jinai dhidi ya binadamu, kwa mashambulizi ya mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje. Kati ya ushahidi uliopokelewa kulikuwa na picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness to Atrocities. Programu hiyo inaandika saa na mahali picha inapopigwa, na inaweka alama ya hesabu inayofichua kama faili limeguswa baadaye. Mawakili hawakusifu uzuri wa picha. Thamani yake ilikuwa kwamba safari yake ilijulikana, tangu kamera mpaka meza ya hakimu. Folda yenye tarehe, nakala mbili na faili lisilobadilishwa havina nguvu sawa na programu ile, lakini vinafuata fikira ile ile, na havihitaji pesa.

Karibu zaidi na hapa kuna mfano wa Kawama, jirani na mgodi wa Luiswishi, si mbali na Lubumbashi. Nyumba za watu zilibomolewa huko mwezi wa Novemba 2009. Kwa miaka mitano mabishano yalikuwa juu ya nini hasa kilibomolewa: nyumba za wanakijiji au vibanda tu vya wachimbaji. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2014 ilitumia picha za satelaiti kuonyesha kwamba mamia ya majengo yalitoweka. Wanakijiji walikuwa wamesema hivyo tangu siku ya kwanza. Ilibidi jicho la angani lije kuthibitisha yale ambayo watu walikuwa wameyaona kutoka mlangoni kwao. Leo karibu kila mlango una simu. Itakuwa haya kubwa kama baada ya miaka mitano mtaa wa Kolwezi utalazimika kutafuta satelaiti tena, kwa sababu video zilifutwa kupisha nyimbo.

Ni nani basi afanye nini? Wenye kufundisha montaji, iwe kwenye siber, parokia au studio ya nyuma ya nyumba, waanze somo lao la kwanza kwa kable, folda na nakala mbili. Mwanafunzi asiguse kitufe cha muziki kabla hajaweza kutoa video kwenye simu ya jirani na kuirudisha simu bila kupoteza kitu. Radio za jamii zina ordinatere na watu wanaojua kazi. Zinaweza kutenga saa mbili kwa juma ili familia zilizohamishwa zije na simu zao na kuondoka na klé. Mashirika ya kiraia yanayoandika ripoti yasichukue video na kwenda nazo tu. Yaache nakala kwa wenyewe. Na kampuni zinazosema zinahamisha watu kwa heshima zinaweza kuonyesha heshima hiyo kwa jambo dogo: siku ya hesabu ya mali, familia ipewe nafasi ya kupiga video ya kiwanja chote, chumba kwa chumba, mti kwa mti, mbele ya wahesabu, na kubaki na nakala yake.

Kuna onyo ambalo haliwezi kuachwa. Kupiga video karibu na migodi kunaweza kumletea mtu matatizo na walinzi, polisi au askari, na hakuna video inayozidi uhai. Mwenye kupiga asijitie kifuani mwa bunduki. Na video ya asili inabeba habari nyingi: mahali, sura, sauti, majina yanayotajwa bila kufikiri. Ndiyo maana kazi mbili zinapaswa kutenganishwa tangu siku ya kuingiza. Ile ya asili inafungiwa na watu wachache wanaoaminiana. Ile ya kuonyeshwa watu inahaririwa, sura za watoto zinafichwa, na anayezungumza anaulizwa kwanza kama anakubali. Aliyekataa, basi amekataa.

Familia zilizohamishwa zimepoteza vitu ambavyo programu haiwezi kuvirudisha. Mti hauingizwi kwenye ordinatere, wala kivuli chake. Lakini mtoto aliyezaliwa kwenye makao mapya siku moja atauliza babu aliishi wapi. Kama siku hiyo kuna folda yenye tarehe, na ndani yake video ambamo papa mzee anatembea kiwanjani akisema hapa palikuwa jiko, pale kisima, mtoto atapata jibu. Na kama atakayeuliza ni hakimu, naye atalipata humo humo. Kwa hiyo kabla ya muziki, kabla ya herufi za kuzunguka, kabla ya kutuma kwa watu mia mbili: kable kwanza, folda, nakala mbili.